"Aina ya Ua" Haitoshi

Anayetumia kamusi za lugha zetu amekutana mara nyingi na maelezo haya: "aina ya mti", "aina ya ndege", "aina ya ua". Mtungaji amelisikia neno, akaliandika pamoja na ngeli yake, lakini kitu chenyewe hakukitambua. Neno limehifadhiwa, maana imebaki shambani. Hapo hatuwezi hata kulinganisha: neno la Mashi na neno la Kihavu yanataja mmea mmoja, au miwili?

Ninakusanya msamiati wa Kiswahili cha Bukavu, na swali hilo limenifikia hapa Nyalukemba, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Pana kichaka chenye maua ya manjano yenye mistari ya rangi ya kahawia. Karibu yake imeota Tithonia, mgeni kutoka Meksiko aliyejaa kandokando ya njia zetu. Kwa mpita njia, yote ni maua ya manjano. Lakini "ua" la Tithonia, kama la alizeti, ni vijiua vingi vilivyobanana pamoja. Ua la kichaka changu lina petali tano: moja imesimama nyuma kama bendera, mbili ziko ubavuni kama mabawa, na mbili za chini zimeungana kama mtumbwi wenye ncha kali. Ndilo umbo la ua la maharage. Majani nayo yamegawanyika vipande vitatu, kama ya maharage. Basi, jamii ni ya mikunde.

Jenasi nilionyeshwa na watoto. Waliokota maganda makavu, yaliyovimba kama viputo, wakayatikisa masikioni mwangu: "Inaliaka!" Mbegu zikikauka huachana na ganda na kugonga ndani. Jina la kisayansi, Crotalaria, lililochapishwa na Linnaeus mwaka 1753, limetokana na neno la Kigiriki la chombo cha kugonganishwa ili kilie. Wataalamu wa mimea na watoto wa Nyalukemba walisikia jambo lilelile.

Mama mmoja alikuwa akilima karibu. Nikamuuliza, "Mama, hii inaitwaka aje?" Akajibu, "Iko majani tu, mtoto wangu." Nikauliza tena, "Na munaifanyaka nini?" Hapo akaweka jembe chini. Aling'oa mche mmoja, akanionyesha vinundu kwenye mizizi, akaniambia kwamba huufukia udongoni kabla ya kupanda maharage. Ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewa na kuulisha mmea. Tanzania hupanda Crotalaria kwa kazi hiyohiyo na kuiita marejea. Magharibi mwa Kenya majani ya spishi fulani ni mboga, mitoo. Spishi nyingine zina sumu inayoua mifugo. Kwa hiyo "aina ya ua" si uvivu mdogo wa mwandishi: inaweka mboga na sumu kwenye mstari mmoja.

Ili kufika kwenye spishi, hukatwa tawi lenye ua na ganda lililokomaa, likabanwa katikati ya magazeti, likaandikwa mahali na tarehe, kisha likalinganishwa na mimea mikavu iliyohifadhiwa, kama ile ya kituo cha utafiti cha Lwiro. Kazi hiyo haimhitaji mwanaisimu peke yake. Lakini inahitaji kufanyika mapema, kwa maana miteremko ya Nyalukemba inajengwa, na panapojengwa hakuna tena cha kumwonyesha mama na kumuuliza.

Daftari langu kwa sasa linasema hivi: *majani*: pia, mmea wowote usiopandwa na mtu. Katika Nyalukemba hutumika kwa Crotalaria yenye ua la manjano lenye mistari. Ganda lake likikauka hulia. Hufukiwa shambani kabla ya maharage.