Fildi, Leja na Mali Kauli

Katika darasa letu la falsafa mwaka huu tupo wanne ambao hatukuja hapa moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Tulipitia kwanza vyuo vya biashara: wawili tulisomea uhasibu, mmoja ununuzi na ugavi, mmoja usimamizi wa biashara. Wenzetu hutuita "wahasibu wa gombera", na kweli ikifika zamu ya kuhesabu michango ya sherehe macho yote hutugeukia. Habari za miito yetu tumekwisha kuzisimulia mara nyingi, hatutazirudia. Tunataka kusema juu ya jambo ambalo tunajikuta tunalirudia jioni baada ya chakula: yale majuma manane ya mafunzo kwa vitendo, ambayo kila mwanafunzi wa biashara nchini anayaita fildi, na uamuzi wa kwanza unaofuata baada ya kuhitimu.

Tunaandika sasa kwa sababu huu ni msimu wake. Kuanzia Julai utawaona wadogo zetu na bahasha za kaki mkononi, ndani kuna barua ya utambulisho ya chuo, wanapita ofisi hadi ofisi. Swali lao la kwanza huwa: fildi nifanyie wapi? Wengi wanauliza huku jibu wanalo tayari, nalo ni benki. Benki ina kiyoyozi, watu wake wanavaa tai, na mzazi akiulizwa mtoto yuko wapi anajibu kwa kifua.

Mmoja wetu alifanyia benki, Mwanza, wala hana la kuilaumu. Lakini mwanafunzi wa fildi hapewi nenosiri la kuingia kwenye mfumo, na ni haki asipewe, kwa maana zile ni fedha za watu. Basi kwa majuma manane alisaidia wateja kujaza fomu za kufungua akaunti, akatoa nakala za vitambulisho, akaelekeza watu dirisha la kwenda. Uhasibu wenyewe aliuonea kwa mbali. Alichojifunza ni kumsikiliza mtu aliyekwisha kusimama foleni saa mbili bila kumjibu kwa hasira. Anasema Mungu akipenda hilo litamfaa siku moja kwenye kiti cha kitubio.

Wa pili alikosa nafasi kote alikoomba, akaishia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, jirani na Kariakoo. Aliona aibu kuwaambia wenzake. Hapakuwa na meza yake. Alikalia ndoo ya rangi. Ila ndani ya wiki moja alikuwa amekabidhiwa kuhesabu stoo: nondo kwa idadi, misumari kwa kilo, saruji kwa mifuko. Akalinganisha hesabu yake na leja, akakuta mifuko ya saruji imepungua. Darasani tulifundishwa kwamba tofauti kama hiyo inaandikwa, inachunguzwa, kisha inasahihishwa kwenye vitabu. Mzee mwenye duka hakugusa kitabu. Alimwita mpakiaji mizigo, akamwuliza habari za nyumbani, akamwuliza na gari la Alhamisi lilipakia nini. Ikajulikana kwamba fundi mmoja alichukua mifuko ile jioni, duka likiwa linafungwa, na hakuna aliyeandika.

Fundi yule alichukua kwa mali kauli. Wasomaji wa mjini wanalijua neno hili, lakini tumekuta baadhi ya wenzetu wa falsafa hawajalisikia. Mali kauli ni bidhaa unayoichukua bila kulipa, kwa ahadi ya mdomo kwamba ukishauza au ukishalipwa utaleta fedha. Duka lile lilikuwa na daftari zima la watu wa namna hiyo. Chuoni daftari lile tungeliita "wadaiwa", tungejumlisha, tungetenga asilimia fulani kuwa madeni yasiyolipika, tukaendelea na swali la pili. Mzee yeye alipitisha kidole jina kwa jina. Huyu analipa mkandarasi wake akilipwa. Huyu mke wake anaumwa, tusimpigie mwezi huu. Huyu ana uwezo lakini ni mkorofi, hapewi tena hata msumari. Mwenzetu alikuwa ameshafaulu mtihani wa madeni yasiyolipika kwa alama nzuri, na ndiyo kwanza siku ile alielewa kwamba nyuma ya kila tarakimu kuna mtu aliyesema neno, na mwingine aliyeamua kuliamini.

Wa tatu alikwenda Lindi, kwenye chama cha msingi cha ushirika, wakati wa ufuta. Huko mazao yanauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima analeta ufuta, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unasubiri mnada. Fedha zinakuja baadaye, zikiwa zimekatwa ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafiri na mchango wa chama. Kazi ya mwenzetu ilikuwa kuandika uzito na kujibu maswali. Swali lilikuwa moja tu, likiulizwa na watu mia kwa namna mia: "Mwanangu, hela yangu lini?" Akaona jinsi kilo mbili zinazobishaniwa mizanini zinavyoweza kuwa daftari na sare za mtoto. Bibi mmoja hakujua kusoma. Alimtaka amsomee makato mstari kwa mstari, na kila mstari alikuwa na la kuuliza. Mwenzetu hakuwa na majibu ya mistari yote. Alikwenda kumwuliza katibu, akarudi, akaenda tena. Anasema hajawahi kukaguliwa hesabu na mkaguzi mkali kama yule.

Kwa hiyo wadogo zetu wakituuliza wapi pa kwenda, huwa tunawauliza nao: wapi watakuruhusu uguse kitu? Jina kubwa kwenye wasifu ni zuri, hatulidharau, maana tunajua waajiri wanalitazama. Lakini kijana aliyehesabu stoo ya duka dogo na kujua kwa nini leja haikubali ana jambo la kusema kwenye usaili.

Wa nne ndiye aliyetupa kazi ya kufikiri zaidi. Alifanyia kampuni moja ya biashara mkoani, ambayo hatutaitaja. Ukutani palikuwa na bango la kuhimiza kudai risiti. Chini ya bango mteja aliambiwa bei mbili: ya kuchukua na risiti, na ya kuchukua bila risiti. Anayejua kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 anaelewa tofauti ile imetoka wapi. Juma la tano aliambiwa aandike mauzo kwa mkono kwenye kitabu cha pembeni, na mteja akiuliza aseme mashine ya EFD imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Akamwambia dada wa malipo, kwa heshima, kwamba anaomba apewe kazi nyingine. Dada hakukasirika, alimwonea huruma. "Mdogo wangu, hapa ndivyo tunavyoishi."

Hakufukuzwa. Hakuna aliyemgombeza. Walichofanya ni kuacha kumpa kazi, akamaliza majuma matatu yaliyobaki akisoma magazeti ya zamani, na fomu ya tathmini ikaandikwa kwamba hana ushirikiano. Alama zake zilishuka. Tunalisimulia hivyo lilivyo kwa sababu mara nyingi mifano ya uaminifu inayotolewa kwa vijana inaishia na bosi kutubu na kijana kupandishwa cheo. Huyu hakupandishwa chochote. Na yule dada tunamkumbuka pia: alikuwa na watoto wawili, na sahihi ile iliyomchosha mwenzetu kwa juma moja yeye aliibeba mwaka mzima.

Tumefika mwaka huu kwa Aristotle, na katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako tukakuta jambo tulilokuwa tumelionja bila kulijua: kwamba mtu anakuwa mwenye haki kwa kutenda ya haki, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Basi fildi ni mazoezi, na mazoezi hayachagui. Anayejifunza kulinganisha daftari la benki na kitabu cha fedha anazoea hilo; anayejifunza kuandika kitabu cha pembeni anazoea hilo pia, na vidole vyake vinapata wepesi uleule. Hapo tunakubaliana na Mgiriki huyu. Tusipokubaliana naye ni katika Siasa, anapoitazama biashara ya kutafuta faida kwa jicho la shaka. Tunadhani hakuwahi kukalia ndoo ya rangi dukani akasikiliza jinsi wadai na wadaiwa wanavyohurumiana. Isitoshe, aliyechapisha maelezo ya kuingiza hesabu pande mbili, Venezia mwaka 1494, alikuwa mtawa Mfransisko, Luca Pacioli. Tunalikumbusha hili kila tunapoambiwa leja na sala haviendi pamoja.

Baada ya fildi na mahafali unakuja uamuzi wa kazi ya kwanza, na hapa wengi hawaelezwi hesabu yake. Tuchukue mshahara wa shilingi 600,000, ambao kwa mhitimu wengi wangeushangilia. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, yaani 60,000. Kodi ya mapato inachukua kama 24,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000. Mkononi inabaki 426,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Chumba cha 80,000 kwa mwezi kinadai 480,000 mkupuo. Mshahara wa mwezi wa kwanza hautoshi kukuingiza chumbani, na nyumbani wameshasikia umepata kazi. Mtoto wa kwanza kusoma anajua simu zinavyoanza kuingia.

Hatusemi haya kuwakatisha tamaa. Tunayasema kwa sababu tumeona rafiki zetu wakichagua kazi kwa kutazama namba iliyo juu ya barua bila kuuliza kazi yenyewe itawadai nini. Mmoja aliajiriwa na benki, akafurahi, kisha akagundua kwamba kazi ni kutafuta amana na lengo lisipofikiwa mkataba hauongezwi. Mwezi wa pili alikuwa anawabembeleza wajomba zake wafungue akaunti. Mwingine alichekwa alipofungua kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu. Kila jioni fedha taslimu aliyonayo ikijumlishwa na floti lazima ilingane na mtaji wake. Isipolingana anajua saa ileile, kwa kuwa pengo ni lake mwenyewe. Amejifunza urari kwa njia ngumu kuliko sisi sote. Hatujui nani kati yao atakuwa mbele baada ya miaka kumi, wala hatuoni kwamba ni lazima kujua.

Na sisi tuliokuja seminari? Isidhaniwe kwamba tuliweka hesabu pembeni tukafuata wito kwa mbawa. Mama wa mmoja wetu alipoambiwa, alikaa kimya, kisha akauliza: "Na lile deni la bodi atalilipa nani?" Lilikuwa swali zito kuliko mengi tuliyoulizwa na walezi. Deni halifutiki kwa mtu kuvaa kanzu. Kanuni ya 644 ya Sheria ya Kanisa inawakataza wakuu wa mashirika kumpokea novisi mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Sisi ni wa jimbo, haituhusu moja kwa moja, lakini busara yake tunaielewa. Mwenzetu huyo aliahirisha. Alifanya kazi ya uhasibu karibu miaka miwili, akalipa, akaja na karatasi ya bodi inayoonyesha salio sifuri. Ndiye mkubwa wetu kwa umri na ndiye anayelala vizuri kuliko sote. Wengine wawili familia zilikubali kubeba sehemu iliyobaki, kwa mazungumzo marefu ambayo hayakuwa mepesi. Kaka mmoja mpaka leo anatukumbusha kwamba naye anachangia upadre.

Mdogo wetu mmoja yuko fildi Dodoma. Ujumbe wake tuliusoma Jumamosi, siku tunayoruhusiwa simu. Alisema kila siku anapewa fotokopi tu, na kitabu cha kumbukumbu cha chuo kinadai kazi ya kila siku. Wenzake wanaandika "kuandaa urari" na msimamizi anapiga muhuri bila kusoma. Aandike nini? Tulimjibu aandike fotokopi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya, ila asome anachokitoa nakala, na mhasibu akipata nafasi amwombe amweleze hati ya malipo inaambatanishwa na nini na kwa nini.

Jumamosi iliyofuata tulikuta jibu refu. Mhasibu alimkalisha nusu saa. Sasa anataka kujua kwa nini hati moja ya shilingi 40,000 ina sahihi tatu, ya aliyeiandaa, aliyeikagua na aliyeiidhinisha, na itakuwaje siku mmoja wao akisafiri akaacha hati tupu zenye sahihi yake mezani. Tumemwambia tutampigia wiki ijayo, tukiwa wote wanne.