Kuwapikia Wazee Samaki ni Kazi ya Heshima

Katika nchi yetu hakuna mtu asiyesema kwamba wazee waheshimiwe. Twafundishwa tungali wadogo kuwaamkia, kuwapisha njiani na kuwaachia kiti kilicho kizuri. Walakini heshima ya mdomo ni rahisi, maana haigharimu kitu. Ukitaka kujua mzee anavyoheshimiwa katika nyumba fulani, tazama sahani anayowekewa wakati wa chakula cha jioni.

Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya ina watu zaidi ya milioni 2.5 waliotimiza miaka 60 na kupita. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Serikali ina sehemu yake katika jambo hili, lakini sufuria iliyo jikoni ni yetu sisi wenyewe, na hakuna afisa atakayekuja kuitia maji.

Watu wengi wakiona mzee anaacha chakula husema kwamba ana ukaidi, au kwamba uzee umemrudisha utotoni. Yafaa tujue sababu zilizo za kweli. Kwanza ni meno: yakipungua, nyama ya ng'ombe huwa kama kamba kinywani. Pili ni mate: hupungua kwa sababu ya dawa nyingi wanazopewa wazee, na chakula kikavu hakishuki. Tatu ni pua na ulimi: havisikii harufu na ladha kama zamani, basi chakula hakimwiti mtu. Nne ni kiu: mzee aweza kuhitaji maji na asione kiu hata kidogo. Kwa sababu hizo zote mzee hula matonge matatu akasema ameshiba, nasi tukaondoa sahani tukiwa radhi.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Mzee hahitaji chakula cha kujenga mwili kichache kuliko kijana; ahitaji zaidi, kwa kulinganisha na uzito wake. Wataalamu waliolichungua jambo hili walishauri mwaka 2013 kwamba mtu mzima aliyepita miaka 65 apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku, hali mtu mzima wa kawaida hushauriwa gramu 0.8. Asipoipata, nyama ya miguu na mikono yake huyeyuka, nguvu zikapungua, akaanguka njiani; na mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi hasimami tena kama alivyokuwa.

Nasema haya kwa kuwa yaliingia nyumbani kwetu. Babu yangu, mkazi wa Takaungu katika Kilifi, alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Alivua kwa mshipi na kwa dema, na kwa samaki hao akawalea watoto saba. Siku moja, naye amekwisha pita miaka 80, mwiba wa tasi ulimkwama kooni. Ulitolewa salama, lakini nyumba nzima iliingiwa na hofu. Baraza ya jamaa ikakata shauri kwamba tangu siku hiyo Babu asile samaki tena. Apewe uji asubuhi, uji mchana, na uji jioni. Shauri hilo lilitolewa kwa mapenzi, na aliyelitoa hastahili kulaumiwa. Hata hivyo kwa muda wa mwaka mmoja uzito wa Babu ulishuka kutoka kilo 61 hadi kilo 54. Naye Bibi, kwa kumwonea mwenziwe haya, alianza kunywa uji uleule, akawa anapungua kimyakimya bila mtu kumwangalia.

Niliposhuka kutoka Nairobi kwa likizo yangu niliwakuta hivyo. Kilichonichoma zaidi ya mifupa ya mabega ya Babu ni ukimya wake. Mtu aliyekuwa akitaja miamba yote kuanzia Takaungu hata Malindi sasa alikuwa akila kama mgonjwa, huku shingo yake ameiinamisha, kisha analala. Tulimpeleka kwanza zahanati. Muuguzi alimtazama akinywa maji na kumeza ndizi iliyopondwa, akaona hakohoi wala hapaliwi, akasema hakuna sababu ya kumnyima chakula, mradi kiwe laini na kisiwe na miba. Hatua hiyo nawasihi wasomaji wasiiruke. Mzee anayekohoa kila amezapo, au ambaye sauti yake hubadilika ikawa ya majimaji baada ya kula, yampasa kuonwa na daktari kwanza, kwa maana chakula kikiingia njia ya pumzi huleta ugonjwa wa mapafu.

Sasa nieleze upishi wenyewe. La kwanza ni kuchagua samaki. Tasi ni mtamu, na changu pia, lakini miba yao ni mingi na myembamba. Kwa wazee heri nguru, ambaye hukatwa vipande vya mviringo na mifupa yake ni mikubwa, rahisi kuonekana. Au chewa mkubwa aliyetolewa minofu. Samaki awe na macho mang'avu, mashavu mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Harufu yake iwe ya bahari. Nguru, jodari na vibua wakiachwa juani huingiwa na sumu isiyoondolewa na moto wowote, basi nunua mapema, umweke kwenye barafu au umpike mara moja. Wakati wa kusi bahari huchafuka na samaki huwa haba na ghali. Katika miezi hiyo si vibaya kununua kipande kidogo kilicho kizuri kuliko kikubwa kilicholala.

Kwa watu wanne nilitwaa nguru wa gramu 600, nazi moja, nyanya tatu, kitunguu maji kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, nusu kijiko cha manjano na ndimu moja. Chumvi nilitia nusu kijiko cha chai tu kwa sufuria nzima. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na wazee wengi wana ugonjwa wa shinikizo la damu. Ladha inayokosekana kwa uchache wa chumvi hurudishwa na ndimu, tangawizi na saumu, ambavyo hata ulimi uliochoka huvisikia.

Nazi niliikuna kwa mbuzi, nikakamua tui zito la kwanza na kuliweka kando, kisha nikakamua tui jepesi la pili na la tatu. Nyanya zilimenywa na kutolewa mbegu. Nyanya, kitunguu, saumu, tangawizi na manjano viliingia pamoja katika tui jepesi, vikachemka taratibu kwa dakika 15 hata vikalainika kabisa, nikavisaga kwa mwiko mpaka mchuzi ukawa mzito usio na vipande. Mchuzi mzito humfaa mzee kuliko wa majimaji, kwa kuwa huteremka kooni polepole. Ndipo nikatia samaki, moto mdogo, dakika 10 hivi, mpaka nyama ikaanza kuachana kwa uma. Sikukaanga, kwa sababu ngozi iliyokauka kwa mafuta ni kazi kubwa kwa mtu asiye na meno.

Hapa ndipo penye kazi iliyo ya lazima. Samaki hutolewa kwenye sufuria, huachwa apoe, huondolewa ngozi, na nyama yake yote hupitishwa katikati ya vidole vilivyooshwa vizuri, kidogo kidogo. Jicho hudanganyika, lakini kidole huuona mwiba. Fanya mara mbili, na mara ya pili mpe mtu mwingine afanye. Baada ya hapo nyama hurudishwa katika mchuzi ikiwa safi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akinitazama. Kwa miaka zaidi ya 50 jiko lile lilikuwa lake, nami nilijua ya kuwa kumwondolea mtu kazi yake yote kwa jina la kumsaidia ni namna ya kumzika angali hai. Basi nikamwuliza kama sasa nitie lile tui zito.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita kwa utani, "huko Nairobi hawakukufunza? Tia nusu tu, na usiache kukoroga, usije ukalikata tui. Likianza kutokota, epua. Ndimu ukamue nje ya moto."

Nikafanya kama alivyosema, na mchuzi ukatoka laini. Wahenga walinena kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Ile nusu ya tui iliyobaki ilikuwa na faida nyingine pia, kwa kuwa mafuta mengi ya nazi si mazuri kwa moyo wa mtu mzima; kiasi kidogo chatosha kwa ladha.

Pamoja na samaki nilipika ubwabwa, yaani wali wa maji mengi uliolainika, na boga lililopondwa, na mchicha uliokatwa mdogo sana. Kila mmoja aliwekewa sahani yake ya kawaida, ile anayoijua; sikuwapa bakuli la mtoto. Babu alikaa wima kitini, miguu imekanyaga chini. Nilimshauri atie kidogo katika kijiko, ameze kwanza ndipo achote tena, na baada ya kula akae hivyo nusu saa kabla ya kulala. Maji tuliyaweka karibu, awe anakumbushwa kunywa.

Alikula vijiko vitano pasipo kusema neno. Kisha akainua kichwa, akauliza, "Nguru huyu ametoka maji ya wapi?" Nikamwambia nimemnunua kwa wavuvi wa pale pale pwani asubuhi. Akatikisa kichwa, akasema kwamba msimu huu nguru hupita nje ya mwamba, na kwamba asiyejua kulenga wakati wa maji kujaa atarudi na mshipi mtupu. Akaendelea kuzungumza mpaka sahani ikawa nyeupe. Bibi naye alikula yake yote, na alipoona namtazama akasema, "Ulifikiri napenda uji?"

Tangu jioni ile binamu zangu walio Takaungu hupika hivyo mara tatu kwa juma, na siku nyingine hupika maharagwe yaliyopondwa, mayai au maziwa ya mgando. Gramu 100 za samaki zina protini karibu gramu 20, basi kwa mtu wa kilo 54 sahani moja humpa kama theluthi ya haja yake ya siku. Baada ya miezi mitatu Babu alipimwa akaonekana ana kilo 56. Sisemi samaki ni dawa, wala sisemi kila mzee atanenepa; nasema tu kwamba mtu mwenye njaa alipewa chakula anachokipenda kwa namna anayoweza kukila.

Huenda msomaji aliye mbali na bahari akasema, "Maneno haya ni ya watu wa pwani." La. Walio karibu na Ziwa Victoria wana mbuta, ambaye minofu yake mikubwa haina shida ya miba midogo. Tilapia wa ziwani au wa bwawa la nyumbani pia afaa, mradi apitishwe vidoleni kama nilivyoeleza, kwa kuwa miba yake ni mingi. Na mwenye fedha chache anunue dagaa, ambao kule ziwani huitwa omena. Awaoshe vizuri waondoke mchanga, awakaushe motoni, awatwange hata wawe unga laini, kisha atie vijiko viwili katika mchuzi wa mzee. Unga huo una protini, na tena una chokaa ya kuimarisha mifupa, kwa sababu dagaa huliwa pamoja na mifupa yake. Kwa mahali pasipo na nazi, maziwa hutosha.

Kazi hii yote, tangu kukuna nazi hata kuondoa mwiba wa mwisho, ilichukua muda wa saa moja na nusu. Wako vijana watakaosema kwamba hawana nafasi hiyo. Na watazame ni saa ngapi wazee hao walikaa kuwalisha wao kwa vidole, wakiwatolea miba kimoja kimoja, siku walipokuwa bado hawajaota meno. Deni hilo halina hati wala mahakama ya kulidai. Basi Jumamosi hii, wewe uliye na mzee nyumbani, usimwulize kama ameshiba. Mwulize anatamani nini, kisha ukae karibu naye mpaka amalize kula.