Karagwe: Mpeleke Mwenzi Wako, Uone Kama Atakusubiri

Wapenzi wengi wakipata wikiendi ndefu, mawazo yote ni Zanzibar. Sikatai, bahari ni tamu. Lakini kama unataka kumjua huyo unayepanga kufunga naye ndoa, mbebeshe begi la mgongoni, mpande haisi pale Bukoba, mwende Karagwe.

Njia inapita Kyaka, kando ya mto Kagera. Daraja la hapo lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin Novemba 1978, na ukibahatika kukaa na mzee ndani ya gari utasimuliwa vita yote bila kuuliza. Kuanzia hapo ni vilima, migomba na kahawa iliyoanikwa mbele ya nyumba, mpaka Kayanga. Laleni hapo.

Asubuhi chukueni pikipiki mpaka Bweranyange. Msitegemee kukuta kasri la kupigia picha. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya Omukama Rumanyika, na Novemba 1861 walimfikia wageni wawili, Mwingereza John Hanning Speke na Mskoti James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile.

Kisa kinachopendwa ni cha wanawake wa kifalme walionyweshwa maziwa wakanenepa hadi kusimama ikawa kazi, na Speke akampima mmoja wao kwa futi. Unene ndio ulikuwa urembo. Siku hizi mwenzio anakuhesabia chipsi.

Mimi kinachonigusa ni kisa kingine. Grant alipata kidonda kibaya mguuni, akawa hawezi kutembea. Januari 1862 Speke akaondoka kwenda Buganda, akamwacha. Jamani! Grant alibaki Karagwe, mgeni wa Rumanyika, mpaka Aprili alipotolewa akiwa amebebwa. Na Julai mwaka huo huo, Speke alipoyaona maji ya Nile yakitoka ziwani, pale ilipo Jinja leo, Grant hakuwepo: alikuwa ameshatumwa njia nyingine. Ajabu ni kwamba Grant aliendelea kumtetea rafiki yake hata baada ya hapo.

Wapo watakaosema safari ile ilikuwa na kazi yake, isingesimama kwa sababu ya mguu mmoja. Mimi simo. Muulize mwenzi wako mkiwa hapo hapo kilimani: "Mguu huo ungekuwa wangu, ungefanyaje?" Akijibu haraka sana, mtazame usoni.

Mchana rudini Omurushaka, mle ndizi za kupika na maharage, mzunguke sokoni taratibu. Hapo ndipo mnaposhika njia ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mkiwa na siku ya pili, ulizieni Mtagata, chemchemi za maji moto ambako Stanley alipita 1876 akakuta wagonjwa wamekuja kuoga ili wapone.

Na bebeni sweta mbili. Jioni za huku zina baridi, na mambo ya kuvuliana sweta tuwaachie watu wa filamu.