Kiapo cha Uwanja wa Jamhuri na Cherehani ya Mke Wangu



Ndugu zangu katika imani, mmezoea mimi kuwaandikia makosa ya watu wengine. Leo nitajisema mwenyewe. Mama watoto amenipa ruhusa. Nimemsomea kila neno kabla ya kuliweka hapa, na mahali pamoja amenisahihisha. Nitakuonesha ni wapi.

Mwaka 2020, baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba, ilitangazwa kwamba Rais John Magufuli ataapishwa tarehe 5 Novemba katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Miaka mitano nyuma sherehe kama hiyo ilifanyika Dar es Salaam, Uwanja wa Uhuru. Safari hii ilikuja makao makuu, na sisi wa Morogoro tukaiona imesogea mlangoni. Mimi nilitaka kwenda kwa sababu nimesomesha darsa nyingi juu ya uongozi na amana, na sijawahi kumuona kiongozi akibebeshwa hiyo amana kwa macho yangu. Mke wangu alikuwa na sababu yake. Alitaka kumuona Mama Samia Suluhu Hassan akiapa tena kuwa Makamu wa Rais.

Nisije nikaeleweka vibaya. Siandiki siasa hapa. Nani alimpigia nani kura si mada yetu.

Nikashonesha kanzu mpya. Nikanunua viatu. Jumatano tarehe 4 tukapanda basi. Gairo tukala mahindi ya kuchoma, Kibaigwa akanunua karanga, alasiri tukaingia Dodoma na kufikia kwa mjomba wake. Usiku ule tukaswali Msikiti wa Gaddafi. Nilipotoka nikasimama nje nikauangalia, nikamwambia mke wangu, "Mwenye jina hili alitawala Libya miaka 42. Leo limebaki jina na msikiti." Akanijibu, "Na swala za watu." Nikaona nimepata mada nzuri ya darsa. Sikujua kwamba mada yenyewe ni mimi.

Asubuhi, baada ya Alfajiri, tukatoka kuwahi uwanjani. Watu walikuwa wamejaa, jua la Dodoma unalijua. Tulikaa mbali, sura hatuzioni vizuri, lakini vipaza sauti vilikuwa vinatosha. Rais akasimama mbele ya Jaji Mkuu, Profesa Ibrahim Juma, na Biblia mkononi, akaapa. Katiba yetu inamtaka Rais mteule aape kabla hajashika madaraka: kiapo cha uaminifu, na kiapo cha kazi yenyewe. Maana yake hata kama kura zimeshahesabiwa na jina limeshatangazwa, bila ya kutamka kwa kinywa chake mbele ya mashahidi hawezi kuanza kazi.

Uwanja ulikuwa kimya wakati ule. Mke wangu akaniinamia, akasema taratibu, bila ya hasira yoyote:

"Baba watoto, huyu ameapa mbele ya uwanja mzima. Akisahau, watu watamkumbusha. Wewe walikusikia watu kumi na wawili tu, na watano wameshafariki."

Nilielewa palepale. Ngoja na wewe nikueleweshe.

Tulioana mwaka 2006. Mahari aliyotaja yalikuwa mawili: msahafu, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Msahafu nilimpa siku ileile. Cherehani nikaomba muda, nikasema mbele ya baba yake, mjomba wake, shekhe na mashahidi, kwamba baada ya mwaka mmoja nitakuwa nimeileta. Wakakubali. Yeye akakubali. Ndoa ikafungwa.

Mwaka ukapita, nikasema hali ngumu, na kweli ilikuwa ngumu. Wa pili tukapata mtoto. Wa nne nikanunua pikipiki, nikasema ni ya kutafutia riziki. Baadaye nikabadilisha simu. Baadaye tena nikabadilisha simu. Mke wangu alinikumbusha mara mbili, mara ya tatu akaacha. Na mimi, Allah anisamehe, ule ukimya wake nikautafsiri kuwa amesamehe. Baba yake alifariki mwaka wa tisa. Nilishika jeneza lake, nikashuka kaburini, na deni la binti yake lilikuwa shingoni mwangu.

Miaka 14, ndugu zangu. Na katika miaka hiyo 14 nilikuwa nafundisha watu haki za wanandoa.

Pale uwanjani nikamjibu, "Tukirudi nitanunua, inshaAllah." Mizinga 21 ikaanza kupigwa, yeye akashtuka akanishika mkono, na mazungumzo yakaishia hapo. Mama Samia naye akaapa, mke wangu akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Ijumaa tukapanda basi kurudi. Njiani akaushika mkono wa kanzu yangu, akaangalia mshono, akasema, "Fundi amejitahidi. Cherehani yake nzuri." Kisha akalala. Sikumjibu. Nikatoa kalamu nikapiga hesabu nyuma ya tiketi: kanzu, viatu, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula, zawadi ya mjomba. Ilikuwa imezidi nusu ya bei ya cherehani. Mtu ambaye kwa miaka 14 alikuwa hana uwezo, kwa siku tatu alikuwa nao.

Utadhani basi, nilifika Morogoro nikaenda dukani. Hapana. Novemba nikasema ngoja Desemba. Desemba ada za shule. Januari sare. Sare zenyewe tulimlipa fundi, na mwenye mahari ya cherehani amekaa ndani anashona vifungo kwa sindano ya mkono.

Ndugu yangu, hebu tuitazame hii inshaAllah yangu. Allah ametufundisha kuyafungamanisha ya kesho na utashi Wake, kwa sababu sisi hatuimiliki kesho. Ni neno la mtu aliyeazimia kufanya na anajua hana uwezo bila ya Mola wake. Mimi nililigeuza kuwa neno la kukimbilia. Nikitaka kufanya kitu nasema "kesho saa tatu". Nisipotaka nasema "inshaAllah". Jichunguze na wewe unalitumia vipi.

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 tulikuwa tumekaa sebuleni. Makamu wa Rais akatokea kwenye televisheni akatangaza kwamba Rais Magufuli amefariki. Mtoto wetu mkubwa akauliza, "Si juzi tu mlikwenda kwenye kuapishwa kwake?"

Kutoka tarehe 5 Novemba mpaka siku ile ni miezi minne na siku kumi na mbili. Mtu alipewa miaka mitano, kwa sheria, kwa kiapo, kwa mizinga 21. Allah akampa siku 132. Nikajiuliza: huyu alikuwa na muda ulioandikwa kwenye Katiba na haukumfaa kitu mbele ya ajali yake. Mimi nisiyekuwa na muda ulioandikwa popote, ninaahirisha kwa kutegemea nini?

Sikulala. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: ningekuwa mimi ndiye niliyekufa usiku ule, watu wangesema, "Shekhe wetu alikuwa mtu wa amana."

Alhamisi asubuhi nikakopa kidogo, nikauza simu, nikaenda dukani. Haikufika laki tatu. Nikaipakia kwenye bajaji, nikaishusha mlangoni.

Hapa ndipo aliponisahihisha. Nilikuwa nimeandika kwamba alilia kwa furaha. Akaniambia, "Futa. Sikulia. Nilihesabu vifaa nikakuta bobini haipo, nikakurudisha dukani." Ni kweli. Nilirudi dukani.

Siku ya pili, Ijumaa, Mama Samia aliapishwa kuwa Rais pale Ikulu Dar es Salaam, ameshika msahafu. Mke wangu alikuwa anatazama huku anatia uzi kwenye cherehani yake. Na tarehe 22 tukatazama tena Uwanja wa Jamhuri, uleule tuliokaa juani. Safari hii kulikuwa na jeneza. Wengi mnakumbuka Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alivyokatisha hotuba yake adhana iliposikika, akanyamaza mpaka ikaisha. Watu walilisifu sana jambo lile, na lilistahiki kusifiwa. Mimi nilikuwa naangalia majukwaa, natafuta mahali tulipokuwa tumekaa.

Sasa tuzungumze, ndugu yangu.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abu Dharr (r.a.) kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na kutekeleza yanayompasa. Hadithi hii tunapenda kuwasomea marais na mawaziri. Lakini ametufundisha pia kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanaume amewekwa mchunga wa watu wa nyumba yake. Basi na wewe uliapishwa. Uwanja wako ulikuwa mkeka wa msikitini au sebule ya wakwe zako. Jaji wako alikuwa walii wake.

Na ametufundisha (s.a.w.) kwamba katika masharti yote, yanayostahiki zaidi kutekelezwa ni yale yaliyomhalalisha mke kwako. Angalia uzito huo. Si mkataba wa kiwanja, si wa gari. Huo kwanza.

Historia inamsimulia Umar bin Abdulaziz (r.h.), alipopewa ukhalifa mwaka 99 Hijria. Mkewe Fatima alikuwa binti wa khalifa na dada wa makhalifa, na alikuwa na vito alivyopewa na baba yake. Umar aliona vile vito ni haki ya Baitul Mali.  Alianza na chumba chake, akamwambia mkewe achague baina yake na vito vile. Akamchagua mumewe, vito vikarudishwa. Na Umar naye hakukaa sana, ni takribani miaka miwili na nusu akafariki. Lakini mtu aliyeanzia nyumbani kwake, hata muda mfupi ulimtosha.

Sisi tunafanya kinyume. Tunazijua ahadi zote za wabunge wetu, daraja lipi halijajengwa na zahanati ipi haina dawa, na tuna haki ya kuuliza. Lakini mahari ya mkeo ni kiasi gani, na umebakisha nini? Wapo humu ambao wameshasahau.

Kwa hiyo, wewe mwanaume unayesoma hapa, nakuomba mambo matatu.

Moja: leo, kabla ya Isha, muulize mkeo, "Nakudai nini?" hapana, usikosee kama mimi. Muulize, "Unanidai nini?" Sikiliza bila ya kujitetea.

Pili: kama huna, sema huna, mpange muda, na muandike mbele ya mashahidi. Mahari ya baadaye si haramu. Tatizo ni "baadaye" isiyofika. Na ujue ni deni. Ukifa, linatolewa katika mali yako kabla ya warithi hawajagawana. Akifa yeye, unadaiwa na warithi wake.

Tatu: usimsukume akusamehe. Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 4, ametuamrisha tuwape wanawake mahari yao, na akatuhalalishia tunachoachiwa iwapo wenyewe wameachia kwa kuridhia nafsi zao. Kunyamaza kwa kuchoka si kuridhia.

Na wewe dada yangu, kukumbusha haki yako si utovu wa adabu. Mke wangu alinikumbusha kwa sentensi mbili, bila ya kupandisha sauti, na aliniokoa.

Cherehani ipo mpaka leo. Kanzu niliyoivaa Idi iliyopita ameishona yeye. Alinitoza hela, nikalipa palepale.

Ewe Mola wetu, tusaidie kuzirejesha amana kwa wenyewe kabla hujatuita, wasamehe wanaotudai tuliowachelewesha, na utujaalie viongozi wanaokumbuka viapo vyao na majumba yanayoanza na viapo vyake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.