Bili Imeshalipwa

Kila nikishuka Dar es Salaam naulizwa swali lile lile. "Hivi nyie watu wa Dodoma, usiku huwa mnafanya nini?" Na anayeuliza anakuwa ameshaanza kucheka kabla hajamaliza. Kwake yeye usiku ni Sinza, ni Kinondoni, ni Mikocheni. Kwetu huku anajua kuna vumbi, upepo na waheshimiwa waliolala mapema.

Simlaumu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilipotumwa Dodoma kwa mara ya kwanza, Aprili 2019, kuripoti Bunge la bajeti, nilibeba vitabu vitatu na sweta moja. Nilijua nitakuwa na usiku mwingi wa kusoma. Ndugu zangu, vitabu sikuvifungua. Sweta ndilo lililoniokoa, maana baridi ya Juni ya Dodoma, ukiichanganya na ule upepo, si mchezo.

Leo nataka niwasimulie usiku wa Dodoma. Ndani yake kuna jambo langu moja ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Nitalifikia.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma. Miaka ikapita, viongozi wakawa wanakuja kwa vikao na kurudi zao Dar. Kwa hiyo mji ulizoea kuishi kwa ratiba ya Bunge. Bunge likikaa, nyumba za wageni zinajaa, mbuzi wanapanda bei, na hata muuza vocha anachangamka. Bunge likiahirishwa, mji unapiga miayo. Mkutano mrefu kuliko yote ni ule wa bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, na hayo ndiyo mavuno ya watu wa baa. Wakulima wa zabibu wa hapa wanavuna mara mbili kwa mwaka, wenzao wa baa wanasubiri bajeti.

Halafu ikaja Julai 2016, Rais Magufuli akatangaza kwamba safari hii serikali inahamia kweli. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa, ile ya 2022 ikakuta 765,179. Hao wote jioni wanataka pa kwenda.

Wanakwenda wapi? Wengine Nyerere Square, kukaa tu na kupiga soga bila kununua kitu. Ukitamka neno kuku, mwenyeji atakuuliza kama umeshafika Chako ni Chako. Wanafunzi wa UDOM, chuo kilichoanza 2007, wana dunia yao kule Ng'ong'ona, chipsi mayai na muziki juu. Kuna vibanda vya mpira ambako mechi ya Simba na Yanga inatazamwa na watu mia kwenye chumba cha watu thelathini. Kuna kitimoto, kuna mvinyo wa zabibu za hapa hapa, kuna bendi zinazopiga nyimbo za zamani hadi wazee wanavua makoti.

Tena usidhani usiku wa huku uliletwa na serikali. Wagogo walikuwa na zeze, ilimba na ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama kabla TANU haijazaliwa. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliubeba muziki huo kutoka vijiji vya hapa mpaka akarekodi na lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza.

Ila usiku niliokutana nao mimi mwaka ule ulikuwa wa aina nyingine. Ulikuwa usiku wa kazi.

Nilichelewa kuligundua hilo. Mchana bungeni unasikia hotuba. Usiku, kwenye baa zenye viti vya plastiki na moshi wa nyama, ndipo unapojua nani hasalimiani na nani, nani anatafuta nini, nani yupo Dodoma kwa wiki ya tatu akisubiri saini moja tu. Meza moja ina mheshimiwa na wapambe wake, ya pili ina wakandarasi, ya tatu ina waandishi. Bongo Fleva inapigwa, watu wanacheka, na biashara inaendelea.

Alhamisi moja ya Juni tulikuwa waandishi watatu. Tulikula mguu wa mbuzi, ndizi za kuchoma, kachumbari, na bia kadhaa ambazo sitazihesabu hapa kwa sababu mama yangu anasoma. Nikaita bili. Mhudumu, dada mmoja mpole wa Kongwa, akainama.

"Bili imeshalipwa, kaka."

"Na nani?"

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye kona alikaa mzee mmoja wa makamo, kofia kichwani, akainua glasi. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikafanya kama nilivyolelewa, ukipewa unashukuru, nikaenda mezani kwake.

"Shikamoo mzee. Tunashukuru sana."

"Marahaba mdogo wangu. Vijana mnafanya kazi ngumu. Siku hizi unafuatilia habari gani?"

Na mimi kwa ujinga wangu nikamwambia. Nilikuwa nafuatilia akina mama wa pembezoni mwa mji waliokuwa wakidai fidia ya mashamba yao, ambayo yalikuwa yamepimwa viwanja wakapewa watu wengine. Mzee akatabasamu. "Habari nzuri hiyo," akasema. "Ila usiwe na haraka."

Basi. Hakunipa bahasha wala namba ya simu. Ndiyo maana nilijiambia haikuwa rushwa. Mshiko tunaujua sisi waandishi, una rangi ya kaki na unakuja na karatasi ya kusaini. Ile ilikuwa nyama tu.

Siku mbili baadaye nilikaa na yule mama aliyekuwa mbele kwenye dai hilo, mjane, aliyekuwa akiniita mwanangu. Alitoa nakala zake kwenye mfuko wa plastiki, zimekunjwa mpaka zinachanika. Nikasoma. Jina la mzee wa kofia lilikuwa mle, tena mara mbili.

Nikaandika habari. Ilipofika sehemu ya jina, niliandika kwamba mmoja wa wahusika hakupatikana kuzungumzia suala hilo.

Alikuwa anapatikana kila usiku, meza ya kona. Nilikuwa nimekula mbuzi wake.

Mama alinipigia habari ilipotoka. "Mwanangu, nimesomewa gazeti. Mbona jina halimo?" Nikamwambia nafasi ilikuwa ndogo. Akasema, "Haya baba, asante." Kwa kweli ningependa angenitukana.

Mwisho wa Juni Bunge liliahirishwa. Usiku ule nilirudi baa ile ile peke yangu. Nusu ya viti vilikuwa vimepangwa juu ya meza. Yule dada wa Kongwa alikuwa anafungasha, anarudi kwao kumsaidia mama yake kupura mtama mpaka Bunge lingine. "Likifungwa lao na letu linafungwa," alisema huku anacheka.

Nikamuuliza habari za mzee wa kona. Akanitazama kama vile nimemuuliza jua linatokea wapi.

"Kaka, yule kila bajeti analipia waandishi. Mlikuwa hamjui?"

Kumbe yeye alijua. Mpika nyama alijua. Mlinzi wa getini alijua. Waandishi wa habari, wenye vitambulisho shingoni, ndio tulikuwa hatujui. Nikamuuliza na mshahara wake, akanitajia. Mshahara wake wa mwezi mzima ulikuwa haufikii bili ile ya Alhamisi, na hakuna mtu aliyewahi kumlipia yeye hata soda.

Mwaka 2021 nilirudi kumtafuta yule mama ili niandike habari nzima, na jina ndani yake. Nilikuta uzio na geti. Jirani akaniambia amehamia kwa mwanawe Singida. Namba haikuwa hewani. Safari hii kweli mhusika hakupatikana.

Sasa naishi Dodoma moja kwa moja. Mji umebadilika. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inakufikisha Dar kwa chini ya saa nne, na Ijumaa jioni ukienda stesheni utaona nusu ya wizara na mabegi yao. Lakini siku hizi wanaobaki ni wengi, na baa zina wateja hata Bunge likiwa halikai. Nasikia furaha nikiona hivyo, hasa nikimkumbuka yule dada.

Mimi mwenyewe jioni nakaa kwa mama mmoja anayeuza supu ya mbuzi na chapati, benchi la mbao, taa moja. Nalipa kabla sijala. Mama alishangaa siku za mwanzo, akadhani namwona tapeli. Nikamwambia hapana mama, ni mazoea tu. Wenzangu wananiita bahili, nawaachia. Wakija kunilipia nawakatalia, hata wale ninaowapenda, na najua inawaudhi.

Kwa hiyo wewe wa Sinza, jibu lako ndilo hili. Usiku Dodoma watu wanakula, wanakunywa, wanacheza muziki, na baadhi yao wako kazini. Ukija nitakutembeza, nyama ya huku haina mfano.

Ila kila mtu ajilipie. Wikiendi njema.