Maarifa ya Jumla kwenye Barabara ya Walikale

Kongo wana karatasi ya mtihani ya aina yake. Wanaiita kwa Kifaransa, culture générale, yaani maarifa ya jumla: historia, jiografia, uraia na vinginevyo vyote vimetiwa mahali pamoja. Mtoto hukutana nayo anapomaliza darasa la sita, sambamba na karatasi ya Kifaransa na ya hesabu. Akifika mwisho wa sekondari anaikuta tena kwenye Examen d'État, mtihani wa taifa ambao Kivu nzima wanauita Exetat tu. Maswali ni ya kuchagua jibu. Sisi tuliokulia chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania tumezoea, sekondari hasa, kila somo na karatasi yake, kila somo na mwalimu wake. Mtu aliweza kuikimbia fizikia akajificha kwenye historia. Mkongo hana pa kujificha. Siku hiyo anatakiwa ajue mambo ya dunia, hata kama anaishi mahali ambapo gari hufika likiwa limevutwa kwa kamba.

Nilipita huko, kutoka Goma hadi Walikale, kabla vita vya waasi wa M23 havijarudi mwishoni mwa 2021. Baadaye Rubaya ilitekwa Aprili 2024, Goma Januari 2025, na mji wa Walikale ukatekwa Machi mwaka huohuo, ukaachwa mwezi uliofuata. Msomaji aelewe basi kwamba naeleza barabara kama nilivyoiona wakati ule.

Ukitoka Tanzania hadi Goma unarudisha saa nyuma kwa saa moja, na magari yanahamia kulia. Kinshasa nako wako nyuma ya Goma kwa saa nyingine, maana nchi ina majira mawili. Kutoka Goma unaelekea magharibi kando ya Ziwa Kivu hadi Sake, kama kilomita 25. Njia nzima ni mawe meusi ya volkano. Nyumba zimejengwa juu yake, kuta za viwanja zimepangwa kwa mawe hayohayo, na wanawake huyaponda kwa nyundo wauze kokoto. Mlima Nyamulagira ulipolipuka mwaka 1938 uliendelea kutiririka hadi 1940, na ujiuji wake wa moto ukafika ziwani karibu na Sake ukakata kona nzima ya maji. Mtu wa pwani amezoea jiwe la matumbawe, jeupe, linalotoka baharini. Huku jiwe linatoka juu, na ndilo linaloiendea bahari yao ndogo.

Sokoni Sake nilinunua sambaza waliokaangwa, wadogo kama kidole. Mtu wa Kigoma angewatambua mara moja, kwa kuwa ni lumbu wa Tanganyika: walichukuliwa kutoka ziwa lile wakamwagwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha pande zote mbili za mpaka. Hapohapo sokoni zimeegeshwa chukudu. Chukudu ni gari la mbao lenye magurudumu mawili, mbele na nyuma, na usukani wa mti ulionyooka kama pembe za ng'ombe. Magurudumu ni ya mbao pia, yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Mwenye nayo hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi; akipata mteremko anasimama, anashuka na magunia ya makaa au viazi kutoka milima ya Masisi, breki yake kipande cha mpira anachokikanyagia gurudumu la nyuma. Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Dar es Salaam tuna maelfu ya mikokoteni na maguta yanayolisha mji kila alfajiri, na sijaona sanamu ya hata mmoja.

Baada ya Sake barabara inapanda kuingia Masisi, na hapo mgeni hubaki anatazama tu. Milima imenyolewa ikawa majani matupu, kijani hadi kileleni, ng'ombe wametapakaa kwenye miteremko ambayo mbuzi wetu wangesita kuipanda. Baridi inaingia mikononi. Mapadri wa Kizungu walifundisha hapa kutengeneza jibini miaka ya 1970, wanayoiita fromaji, na ufundi umebaki mikononi mwa wenyeji. Niliingia kwenye kibanda kimoja cha mbao. Sufuria kubwa ya maziwa ilikuwa juu ya kuni, kijana akiikoroga taratibu kwa mwiko mrefu, akitia kidole kupima joto badala ya kipimo. Maziwa yakishaganda huyakatakata, huchuja maji, hushindilia yaliyobaki kwenye vikombe vya mviringo, kisha huyaloweka kwenye maji ya chumvi. Ukutani ubao juu ya ubao, madonge ya manjano yamepangwa, kila moja kama kilo, yakigeuzwa kila siku yakauke sawasawa. Wakati ule yalishuka Goma kwa pikipiki, mengine yakapanda ndege hadi Kinshasa. Kwetu maziwa yakizidi yanakuwa mgando, na mgando haungoji wiki. Jibini inahitaji mtu anayeamini kwamba mwezi ujao bado atakuwepo, na nikiwa Masisi, ambako watu wamekimbia na kurudi tangu miaka ya 1990, sikuacha kulishangaa hilo.

Rubaya iko mbele zaidi kwa upande wa kusini. Mlima umechubuliwa ukawa mwekundu, na kutoka juu hadi chini watu wamepanga mifereji. Wachimbaji husimama ndani ya maji mpaka magotini, wanageuza udongo kwa koleo, maji yanachukua chepesi, kizito kinabaki: mchanga mweusi unaong'aa kidogo, ambao ukiushika unashtuka kwa uzito. Ndiyo koltani. Eneo hili hukadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Ndani yake kuna tantalamu, metali namba 73, isiyoyeyuka mpaka nyuzi kama 3,000, na inayowezesha vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu. Msweden Anders Ekeberg aliigundua mwaka 1802, akaipa jina la Tantalo, mfalme wa hadithi za Kigiriki aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji bila kuweza kuyanywa. Oksidi yake ilikuwa inakaa kwenye asidi bila kuinyonya. Ekeberg hakuwahi kusikia habari za Rubaya. Nami niliwatazama wale vijana kwenye mifereji nikaona afadhali nisiwasimulie.

Ukiipa Masisi kisogo, majani yanakwisha na msitu unaanza. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000. Unguja yote ingeingia humo mara kumi na nne. Tope hapa ni jekundu na lina kina. Lori letu lilisukumwa, likachimbuliwa, likasukumwa tena, abiria wakilipa nauli na jasho. Nikaelewa kwa nini madini ya Bisie, humohumo Walikale, yalipoanza kuchimbwa kwa wingi, karibu mwaka 2002, wapagazi walibeba mizigo ya kilo 50 msituni kwa miguu, siku mbili, hadi barabarani, na kwa nini karibu na Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya lami yenyewe. Kipande cha barabara kilichonyooka kiligeuzwa uwanja: magari yanazuiwa, ndege inashuka, inapakiwa, inaruka, kisha pikipiki zinaendelea na safari zao. Madini hayo ni kasiteriti, mawe ya bati. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin inachimba hapo Bisie mojawapo ya miamba yenye bati nyingi kupita yote inayojulikana. Kwa hiyo simu mkononi mwa mtu yeyote, Muscat au Mombasa, yawezekana kabisa imekusanya Masisi na Walikale ndani yake: tantalamu ya mlimani, na bati ya msituni iliyounga nyaya zake.

Shule moja nje kidogo ya mji wa Walikale ilikuwa na mashindano ya Génies en herbe. Mchezo huu wa maswali ulianzia kwenye televisheni ya Quebec miaka ya 1970 ukaenea kwa wasemao Kifaransa, na Kongo wameupenda kupita kiasi. Timu mbili za wanafunzi wanne wanne zilikaa kwenye madawati yaliyotolewa uani, sare nyeupe na buluu, wazazi wamesimama kuzunguka. Hakukuwa na umeme wala king'ora. Aliyejua jibu alipiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Mji mkuu wa Kanada? Kifuniko. Mreno gani alifika mdomo wa mto Kongo mwaka 1482? Kifuniko, Diogo Cão. Mkutano wa Berlin ulikwisha lini? Vifuniko viwili kwa pamoja, zogo, rufaa kwa mwalimu. Kwa nini alama ya bati ni Sn? Msichana wa mwisho pembeni alijibu bila kupumua kwamba ni stannum, Kilatini. Watu wakashangilia. Hakuna aliyeuliza bati lenyewe liko wapi, maana hilo kila mtu pale alilijua.

Nikakumbuka jiografia yetu ya sekondari: ngano ya nyanda za Kanada, viwanda vya bonde la Ruhr, mabwawa ya Tennessee. Nimezaliwa Tanga, na mpaka nilipokuwa mtu mzima hakuna karatasi ya mtihani iliyowahi kuniuliza habari za bahari iliyo mbele ya nyumba yetu. Kumbe ndimo anamoishi silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na madinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumtoa kwenye nyavu zao kwa wingi miaka ya 2000, na mwaka 2009 akatengewa hifadhi yake ya bahari.

Jioni mwalimu aliyeendesha mashindano alinikaribisha kwake, ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Alikuwa na daftari la maswali, kurasa zimechafuka kwa kushikwashikwa. Humo nilikuta ya kwao, ingawa machache. Nyani mkubwa kuliko wote duniani: gorila wa Grauer, asiyeishi porini popote ila mashariki mwa Kongo, na baadhi yao wako kwenye misitu hii ya Walikale. Shujaa wa Wanyanga, wenyeji wa huku: Mwindo, aliyezaliwa akitembea na kusema; mtafiti Daniel Biebuyck aliandika utenzi wake mwaka 1956 kutoka kinywani mwa She-Karisi Rureke, ukachapwa Marekani 1969. Kisha tausi wa Kongo. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mtu wa Ituri, akaondoka nao. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekewa kibandiko kwamba ni tausi wachanga wa India. Unyoya ukalingana. Mwaka 1936 dunia ikatangaziwa ndege mpya.

"Mpya kwa nani, papa?" mwalimu akauliza, akicheka. Mkewe, aliyekuwa akiosha vyombo, akasema babu yake alikuwa akimtega.

Nikawasimulia wa kwetu. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye milima ya Udzungwa, wakaona ndani ya sufuria ya chakula miguu ya ndege wasiyemfahamu. Alikuwa kwale, wa aina ambayo hakuna kitabu kilichowahi kumwandika. Yule mama akasimama na sahani mkononi akataka kujua kama walimla kwanza au walimpima kwanza. Mwalimu yeye alikuwa amekwisha vuta daftari. Akaandika Udzungwa, 1991, akaniomba nimtajie herufi moja moja, kisha akauliza swali kama hilo kwa watoto wa Walikale niliona ni la pointi tano au kumi. Nikasema kumi. Akafikiri kidogo, akaandika tano, kwa hoja kwamba yeyote aliyekulia msituni angeanza kutafuta jibu kwenye sufuria.