Na Keki, Nairobi

Betri zikichoka tulizianika juu ya bati. Zikishapigwa na jua zilifufuka kwa saa moja hivi, na saa hiyo ilikuwa mali ya baba na taarifa ya habari. Makombo yaliyobaki ndiyo yalikuwa yetu. Tulikaa Moshi vijijini, upande ambao Sauti ya Kenya ilisikika safi kuliko Radio Tanzania, na ni katika makombo hayo ya betri nilimsikia mwanamke akiimba habari za keki.

Sikuwa na shaka hata kidogo. Sauti yake nyororo, magitaa yanatiririka nyuma, na katikati ya maneno nisiyoyaelewa, mawili yalitoka wazi kabisa: na keki, halafu Nairobi.

Msomaji wa leo huenda asielewe keki ilikuwa nini kwetu. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983. Sukari ilikuwa ya foleni, chai tuliinywa kwa sukari guru, na ugali mara nyingi ulikuwa wa yanga, ule unga wa njano. Sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kupikia, vyote tuliambiwa viko Kenya. Shangazi yangu alikuwa akivuka usiku kwa miguu, njia za panya za Holili, hadi Taveta, na kurudi na Kimbo na viberiti ndani ya kitenge. Mpaka ulipofunguliwa aliendelea vilevile, ila mchana. Kwa hiyo mwanamke mwenye Nairobi yake na keki yake hakunishangaza. Nilijua yuko safarini. Kilichonikera ni kwamba hakutaja siku ya kurudi.

Redio ikafa, tukakua. Miaka ya tisini, nikiwa Dar es Salaam, nilikwenda Kariakoo kwa kijana aliyekuwa akirekodi kanda, nikamwimbia nilichokuwa nacho.

"Wimbo wa keki?" akauliza, kisha akawaita wenzake niwaimbie tena.

Kwa sababu ya lile neno Nairobi, alinipeleka moja kwa moja kwa Wakongo waliohamia Kenya: Super Mazembe, na Orchestra Virunga ya Samba Mapangala. Nilinunua kanda nne. Muziki mtamu mno, lakini keki hamna. Neno nililolisikia sawasawa ndilo lililonipoteza, maana wimbo wenyewe haukuwa wa Nairobi.

Nililijua hilo mwaka 2016, saluni, Sinza. Dada aliyekuwa akinisuka alitoka Kinshasa, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kupapasa. Nilikuwa nagugumia kwa maumivu, nikaanza kujiimbia ili nisilie. Mikono yake ikasimama.

"Mama, si keki. *Nakei*. Naenda."

Wimbo ni "Nakei Nairobi" wa Mbilia Bel, enzi zake na Afrisa International ya Tabu Ley Rochereau. Ni Kilingala: naenda Nairobi. Ile *na* ni ndugu wa *na* yetu ya kwenye "naenda", nami kwa uroho wangu nikaifanya ya "chai na mkate", nikaanza kutafuta kinachofuata. Kichwani mwangu wakati ule kilichofuata *na* kilikuwa chakula. Ila kwamba yule mama yuko safarini, hapo sikukosea.

Dada akaufungua kwenye simu. Mara ya kwanza niliisikia keki yangu, ipo palepale. Mara ya pili ikawa *nakei*, na tangu siku hiyo siisikii tena, hata nikijitahidi. Nakiri inaniuma kidogo.

Jioni nilimpigia kaka yangu nikamweleza yote. Akakataa katakata. Anasema huyo msusi ndiye hakusikia vizuri.

Keki yenyewe niliionja mara ya kwanza mwaka 1989, kwenye kipaimara cha binamu yangu. Ilipikwa palepale Moshi, kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na upande mmoja ilikuwa imeungua.